Nili ya Abeokuta: Habari za Wanawake Watia Rangi wa Nchi ya Wayoruba

Vitabu vya historia hutueleza sana habari za wafalme, na vita, na mikataba iliyotiwa sahihi. Habari za mikono ya watu husimuliwa kwa uchache, ingawa mikono hiyo ndiyo iliyowavika wafalme, ikawalisha askari, na kuyajaza masoko. Leo nataka kuwaeleza habari za mikono ya namna hiyo: mikono ya wanawake wa Kiyoruba katika nchi ya Nigeria, ambayo kwa miaka mingi ilionekana ya buluu hata kwenye viwiko, kwa sababu ya nili. Kazi yao huitwa adire. Na ndani ya habari hii mna swali litupasalo sisi sote: kazi ya mikono ikishindana na kitu cha kiwandani, ni nani mwenye haki ya kuamua itakavyokuwa?

Nili si ngeni kwetu. Bibi zetu wa pwani na wa bara walivaa kaniki, nguo ile nyeusi yenye kuelekea buluu; tena wote waliofua nguo nyeupe waijua nili ya unga itiwayo majini ili nguo ipate kung'aa. Lakini kaniki tulikuwa tukiletewa na merikebu, hali imekwisha kutiwa rangi. Kule kwa Wayoruba rangi ilitoka katika majani ya porini, ikachachishwa katika vyungu vya uani, na ujuzi wake binti akaupokea kwa mama. Basi, na tuianze safari.

MJI ULIO CHINI YA MWAMBA

Mwanzoni mwa karne ya 19 nchi ya Wayoruba iliraruliwa na vita. Miji ya watu waitwao Waegba ilichomwa mmoja baada ya mmoja, na wengi wakakamatwa wakauzwa utumwani ng'ambo ya bahari. Waliosalia wakakimbilia penye mwamba mkubwa uitwao Olumo, karibu na mto Ogun, na mwaka 1830, wakiongozwa na Sodeke, wakajenga mji wao hapo. Wakauita Abeokuta, maana yake "chini ya mwamba". Watu wa miji mingi iliyovunjika wakakaa pamoja, kila kundi na mtaa wake, na kila kundi likaja na ufundi wake.

Tangu mwaka 1839 wakaanza kurudi baadhi ya wale waliotekwa. Manowari za Kiingereza zilikuwa zimewakomboa baharini na kuwashusha Sierra Leone, na huko walisoma, wakabatizwa, wakajifunza biashara. Mwaka 1843 mmishenari Henry Townsend aliuona mji huo mara ya kwanza, na mwaka 1846 akarudi kufungua misheni, pamoja na padre Samuel Ajayi Crowther. Crowther mwenyewe alitekwa mwaka 1821, naye bado mtoto. Hapo Abeokuta, mwaka ule ule wa 1846, akakutana na mama yake mzazi baada ya kutengwa naye miaka 25. Na mwaka 1859 Townsend akaanza kuchapa gazeti kwa Kiyoruba, jina lake Iwe Irohin, likasomwa na wanakijiji wa Kikristo kama hili letu lisomwavyo.

Nimeyataja hayo ili msomaji ajue hawa ni watu wa namna gani. Ni watu waliopotewa na yote, wakaanza upya kwa ufundi na biashara. Wanawake wao walikuwa na nguvu nyingi sokoni, hata wakawa na mkuu wao mwenyewe aitwaye iyalode, aliyeketi pamoja na wazee wa mji. Iyalode wa kwanza wa Waegba wote alikuwa Madam Tinubu, aliyepewa cheo hicho mwaka 1864 na kufa mwaka 1887. Naye alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa chumvi, wa tumbaku, wa silaha, na hapo kwanza hata wa watumwa. Aliyemfuata katika cheo hicho, Miniya Jojolola, alikuwa mtia rangi, na wazee wa Abeokuta husimulia ya kuwa adire ya kwanza ya mji wao ilitoka katika ua wake, mtaani Kemta.

KAZI YENYEWE

Neno adire latokana na maneno mawili ya Kiyoruba, moja lenye maana ya kufunga na la pili lenye maana ya kutia rangi. Nguo hufungwa mahali fulani ili rangi isipenye. Ikifunguliwa, pale palipofungwa pameachwa peupe, na pengine pote pamekuwa buluu. Huo ndio msingi wa ufundi wote, na mengine ni matawi yake.

Kwanza sharti ipatikane rangi. Wayoruba hutumia majani ya mmea utambaao wanaouita elu. Huo si mnili ule mdogo ulimwao Bara Hindi, ila una dawa ile ile ndani yake. Majani machanga huchumwa, hutwangwa kinuni mpaka yawe kama ugali mweusi, kisha hufinyangwa madonge na kuanikwa juani. Madonge hayo yakikauka huwekwa muda mrefu, tena huuzwa sokoni, maana si kila mtia rangi achumaye majani yake mwenyewe.

Baadaye hutengenezwa maji ya majivu. Chungu chenye matundu chini hupandishwa juu ya chungu kingine. Cha juu hujazwa majivu ya miti iliyochaguliwa, hutiwa maji, na maji hayo huchuruzika polepole mpaka cha chini, yakiwa makali yenye kuteleza mkononi. Ndani ya maji hayo madonge ya nili hulowekwa siku kadhaa, mara nyingi yapata juma zima, mpaka yachache. Fundi hujua kama chungu kiko tayari kwa harufu yake, kwa povu lake, na kwa kuonja kidogo kwa ulimi. Siku hizo haziwezi kuharakishwa. Chungu kikifunguliwa mapema, rangi ni dhaifu; kikicheleweshwa, rangi imekwisha kufa.

Hapo tena patokea jambo la kustaajabisha kwa aliyeliona mara ya kwanza. Nguo ikitolewa chunguni haiwi ya buluu. Ina rangi ya kijani kibichi chenye kuelekea manjano. Ikipigwa na hewa, hubadilika machoni pa mtu mpaka ikawa buluu. Kisha huchovywa tena, na tena, na kila mara rangi yazidi kukolea. Nguo iliyochovywa mara nyingi hukaribia weusi, na hiyo ndiyo yenye thamani. Mwisho hupigwa kwa nyundo za mti juu ya gogo mpaka ing'ae, wala haihitaji pasi.

Kwa kuwa chungu chaweza kuharibika bila sababu kuonekana, watia rangi wa zamani walimwomba Iya Mapo, waliyemsadiki kuwa mlinzi wa kazi za wanawake, wakamtolea sadaka. Wakristo wa Abeokuta waliziacha sadaka hizo, lakini vyungu hawakuviacha, nao walifanya vyema. Kuchacha kwa nili ni kama kuchacha kwa togwa au kuumuka kwa unga wa mkate: ni kazi aliyoiweka Muumba katika viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, nayo yamtaka mtu awe safi, mwangalifu na mvumilivu. Ujuzi ni karama. Wala haumchafui mtu kwa sababu tu baba zake waliuzungushia desturi nyingine.

NAMNA TATU ZA ADIRE

Namna ya kwanza, iliyo ya kale kuliko zote, huitwa adire oniko. Nguo hukusanywa vidogo vidogo na kufungwa kwa nyuzi za majani ya mwale, pengine na kokoto au mbegu ndani yake. Ikifunguliwa huonekana duara nyeupe, ndogo na kubwa, kama mwezi katikati ya nyota.

Namna ya pili ni adire alabere, yaani ya sindano. Fundi hukunja nguo akaishona kwa uzi wenye nguvu, akaikaza sana; baada ya kutiwa rangi uzi hukatwa kwa uangalifu, nayo mistari myembamba hubaki. Kazi hii yataka subira mara mbili: subira ya kushona, na subira ya kufumua bila kuitoboa nguo.

Namna ya tatu ni adire eleko, yaani ya kanji. Unga wa muhogo hupikwa pamoja na shabu na mrututu mpaka uwe uji mzito, na uji huo hupakwa juu ya nguo. Popote palipopakwa rangi haishiki. Chombo cha kupakia ni unyoya wa kuku, au ukuti mwembamba, na wanawake wa Ibadan walisifiwa sana kwa mikono yao myepesi katika kuchora hivyo. Huko Abeokuta wanaume nao waliingia kazini: walikata sura katika bati jembamba, wakaliweka bati juu ya nguo, wakapitisha kanji juu yake. Njia hiyo ilikuwa ya haraka zaidi, lakini kutia rangi kulibaki kwa wanawake.

Nguo ya kuvaa huwa vipande viwili vilivyoshonwa pamoja, na kila kipande chagawanywa katika miraba, kila mraba na mchoro wake. Na kama vile kanga zetu zilivyo na majina yao, michoro ya adire pia ina majina na maana. Mmoja huitwa Olokun, yaani mwenye bahari. Mwingine ni Ibadandun, maana yake "Ibadan ni mji mtamu", na ndani yake zimechorwa nguzo za jumba kubwa la Mapo, lililofunguliwa Ibadan mwaka 1929. Tena, mwaka 1935, Mfalme George wa 5 wa Uingereza alipotimiza miaka 25 ya ufalme, mafundi walitoa mchoro wenye sura yake na ya Malkia Mary katikati. Twaona basi ya kuwa nguo hizi zilikuwa daftari la habari. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuvaa habari za mwaka wake, na jirani akazisoma mgongoni mwake.

BAFTA, RELI NA BIASHARA

Hapo kwanza Wayoruba walitia nili nguo nzito walizofuma wenyewe kwa pamba ya mashambani mwao. Nguo hizo ni imara, lakini unyoya hauwezi kuchora vizuri juu yake. Walipopata bafta laini na nyeupe kutoka viwanda vya Manchester, ndipo adire ya sindano na ya kanji ilipostawi. Jambo hili lafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kuwa kila cha kale kilikaa peke yake, pasipo kuguswa na mgeni. Wanawake wa Abeokuta walichukua kitambaa cha mgeni wakakitia akili yao, mpaka kikawa chao.

Reli iliyotoka Lagos ikapita Abeokuta na kufika Ibadan mwaka 1901. Majora ya bafta yakafika kwa wingi, na nguo zilizokwisha kutiwa rangi zikasafiri upesi. Miaka ya 1920 adire ilikuwa biashara kubwa. Wanunuzi walitoka Senegali na Pwani ya Dhahabu, nchi iitwayo Ghana tangu 1957, na nguo nyingine zilifika hata Kongo. Nyua zikajaa vyungu. Msichana aliyeingia kazini mdogo aliweza akikua kuwa na vyungu vyake, na fedha zake, na neno lake nyumbani.

Lakini mali hiyo ilisimama juu ya mguu mmoja. Wanawake wengi walichukua bafta kwa mkopo kutoka maduka ya Wazungu, wakatarajia kulipa baada ya kuuza. Mnunuzi naye alitegemea bei ya kakao na ya mawese. Bei hizo ziliposhuka, na hasa shida ya dunia yote ilipoanza mwaka 1929, nguo zikakaa bila mnunuzi, lakini deni halikukaa. Lilikuja kila mwezi kubisha hodi. Tena tangu mwaka 1918 wanawake wa Abeokuta walikuwa wakitozwa kodi kwa nafsi zao. Hivyo aliyekuwa tajiri akaanza kutafuta namna ya kupunguza gharama.

UGOMVI WA NILI YA KIWANDANI

Na namna hiyo ilikuwapo tayari. Mwaka 1897 kiwanda kimoja cha Wajerumani kilianza kuuza nili iliyotengenezwa kwa madawa, pasipo jani hata moja, na nili hiyo ikaenea duniani. Pamoja nayo yalikuja magadi makali yaitwayo kostiki, yenye kufanya kazi ya maji ya majivu. Kwa vitu hivyo viwili mtia rangi hakuhitaji kungoja juma zima; aliweza kutengeneza chungu chake upesi, kwa kuni chache na watu wachache. Wengine, waliokuwa hawajapata kufunzwa na mtu, waliingia kazini kwa njia hiyo.

Aliyejua vipimo alifanya nguo nzuri. Asiyejua, au aliyejua akataka faida ya haraka, alizidisha magadi, na magadi hula nyuzi. Nguo ilionekana nzuri siku ya kununuliwa, kisha ikachanika baada ya kufuliwa mara chache, au ikapauka. Malalamiko yakarudi kutoka mbali. Mnunuzi wa Pwani ya Dhahabu hakujua jina la mwanamke aliyeharibu; alijua tu kwamba nguo ilitoka Abeokuta. Basi kosa la mmoja likawapaka matope wote.

Mfalme wa Waegba, aitwaye Alake, wakati huo alikuwa Ademola wa 2, aliyetawala tangu mwaka 1920. Yeye aliona jina la mji linaharibika, akapiga marufuku kostiki na nili ya kiwandani, akitaka watu warudie elu na majivu. Wanawake wengi walikataa. Mwaka 1936 ugomvi ukafika kilele: watia rangi wakaipinga amri ile waziwazi, mashtaka yao yakafika kwa serikali ya Waingereza, na uchunguzi ukafanywa.

Tuzipime pande zote mbili kwa haki. Alake hakukosa aliposema ya kuwa nguo mbovu ni kama uongo uliokunjwa vizuri. Anayeuza nguo itakayochanika amechukua fedha ya mwenzake bure. Na wazee wetu walisema kweli: haraka haraka haina baraka. Lakini wanawake nao walikuwa na hoja. Nili ya majani ilikuwa ghali na ya polepole. Bafta yenyewe ilitoka kiwandani wala hakuna aliyeikataza. Na deni la dukani halingengoja chungu kichache. Zaidi ya hayo, amri ile iliwaangukia wote sawasawa, mwaminifu na mdanganyifu, fundi na mwanafunzi. Kisu kikimkata mtoto, mwenye busara humfunza mtoto kukishika. Visu vya nyumba nzima havitupi mtoni.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa la miaka ile halikuwa katika elu wala katika kostiki. Lilikuwa kwamba ufundi ulikosa chama cha mafundi wenyewe chenye uwezo wa kukagua nguo, kumfunza mgeni, na kumkemea mharibifu, kabla jambo halijafika kwa mfalme na kwa serikali. Kazi isiyojitawala hutawaliwa na wengine. Nguo hazikupata tena lile soko la miaka ya 1920. Na malalamiko ya wanawake juu ya kutosikilizwa hayakwisha pale. Miaka michache baadaye Funmilayo Ransome-Kuti, mwalimu, mke wa mwalimu mwenzetu padre Israel Ransome-Kuti, aliwakusanya wanawake wenye elimu pamoja na wanawake wa sokoni, wakafunzana kusoma, wakaungana. Mwaka 1947 maelfu yao walikusanyika mbele ya jumba la Alake wakiikataa kodi. Mwaka 1948 kodi ya wanawake ikasimamishwa. Na Januari 1949 Alake akaondoka mjini, asirudi mpaka mwisho wa mwaka 1950. Mama huyo alizoea kuvaa nguo za Kiyoruba na kusema Kiyoruba hata mbele ya wakubwa wa Kiingereza, ili wanawake wa sokoni wamfahamu na wajue ni wa kwao.

NTA YA JAVA NA JINA LA KAMPALA

Wengi wetu tukisikia habari za nguo za Afrika ya Magharibi twafikiri batiki na vitenge. Yafaa tutofautishe. Batiki ni ufundi wa kisiwa cha Java, na huko kinachozuia rangi ni nta iliyoyeyushwa. Waholanzi, waliokitawala kisiwa hicho, walijaribu kuuiga ufundi huo kwa mashine. Kimoja cha viwanda vyao kilianza mwaka 1846 katika mji wa Helmond, na kingali kinafanya kazi. Nguo zao zilipata soko kubwa Pwani ya Dhahabu na nchi jirani mwishoni mwa karne ya 19, na kutoka katika jamii hiyo ya nguo ndiko vilikotoka vitenge vyetu. Hivyo nguo ambayo wageni huiita ya Kiafrika kuliko zote ilibuniwa Asia, ikaigwa Ulaya, ikachaguliwa na kupewa majina na akina mama wa sokoni Afrika.

Baada ya vita ya pili ya dunia adire ya nili ilipungua. Vijana walipenda nguo za rangi nyingi, na wengine wakaiona adire kuwa nguo ya bibi. Ndipo, katika miaka ya 1960, mafundi wa Kiyoruba wakachukua nta ya batiki na rangi mpya za madawa, wakaziunganisha na kufunga kwao kwa zamani. Nguo hizo za rangi nyingi ziliitwa huko Nigeria kwa jina litakalowashangaza wasomaji wetu wa Uganda: ziliitwa kampala. Nchi ile ilikuwa katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, vita ya Biafra, iliyoanza mwaka 1967 na kwisha mwaka 1970. Mei 1968 wajumbe wa pande zote mbili walikutana Kampala kutafuta amani, nao hawakuipata. Watu husema ya kuwa jina la nguo latokana na mkutano huo. Amani ilipita mbali, lakini jina la mji wa Afrika ya Mashariki likabaki katika nguo za Afrika ya Magharibi, nalo husikika sokoni hata leo.

WALIOISHIKA KAZI

Kazi haikufa, kwa sababu wako walioishika. Mmoja wao ni Mama Nike Davies-Okundaye, aliyezaliwa mwaka 1951 katika kijiji cha Ogidi. Mama yake alifariki angali yeye mtoto mdogo, akalelewa na mama mkuu wa ukoo, aliyekuwa mfumaji na mtia rangi, na kwa mikono ya bibi huyo akajifunza. Hakupata shule ndefu. Mwaka 1983 alifungua mjini Osogbo nyumba ya kufundishia sanaa, na humo vijana wengi, wake kwa waume, wamefunzwa adire, na kufuma, na kuchora, bila kulipa ada. Alichokipokea bure akakitoa bure. Hivyo ndivyo alivyoitunza adire: aliifundisha.

Hata hivyo adui wa zamani amerudi kwa sura nyingine. Katika soko la Itoku, mjini Abeokuta, mahali pajulikanapo sana kwa adire, zimeingia nguo zilizochapwa kwa mashine katika viwanda vya China, zikiiga michoro ile ile ya akina bibi. Mashine huchapa kwa saa moja kazi ya miezi, na bei yake ni ndogo. Mnunuzi asiyejua huzichukua akidhani ameisaidia Abeokuta. Haya ni magumu kuliko ya mwaka 1936. Wakati ule mgeni aliuza rangi, lakini mkono wa kutia rangi ulikuwa wa mwenyeji. Sasa hata mkono umeondolewa, umebaki mchoro tu.

YATUPASAYO

Tufanye nini basi, sisi tulio mbali na mto Ogun? Nitataja mambo matatu.

La kwanza, tujue kutambua. Nguo iliyofungwa kwa mkono haina maduara mawili yaliyo sawa kabisa. Mstari wa unyoya waenda ukinenepa na kukonda. Alama za kukunjwa huonekana zikichunguzwa. Iliyochapwa na mashine hurudia mchoro wake bila kukosea hata nukta. Mwenye macho ya namna hiyo hadanganywi na mwuzaji, wala hamdhulumu fundi bila kujua.

La pili, tulipe bei ya haki. Mtu hulipa nauli bila kunung'unika, kisha akafika penye kazi ya mkono akaivuta bei mpaka fundi akabaki na gharama ya bafta peke yake. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinamtaja Lidia, mwuza nguo za zambarau wa Thiatira, na moyo wake uliofunguliwa. Kinamtaja na Dorkasi, ambaye wajane walionyesha kwa machozi nguo alizowashonea. Na katika Kutoka twasoma ya kuwa Bezaleli alijazwa Roho ili awe stadi wa kazi. Basi, ikiwa Maandiko hayakuona haya kuzitaja kazi hizo, sisi tusione haya kuzilipa.

La tatu, tuangalie kwetu. Katika miji yetu mingi wako akina mama watengenezao batiki kwa nta, kwa sifongo na kwa kamba, wengine katika vikundi vya kanisa. Wao nao wako katika njia ile ile waliyopita wanawake wa Abeokuta: wana mkopo, wana rangi za madawa zenye kuhitaji vipimo, na wana nguo za mashine kando yao sokoni. Yawafaa kujifunza mapema somo la mwaka 1936. Waungane, wakaguane wao kwa wao kabla hawajakaguliwa na wengine, nguo mbovu isitoke kikundini hata kama njaa imebisha, na asiyejua vipimo afunzwe, asifukuzwe. Na wasichana wetu wafunzwe ujuzi huo pamoja na kusoma na kuhesabu, maana fundi asiyejua hesabu humfanyia kazi mwenye duka, na mwenye hesabu asiye na ufundi hana cha kuuza.

Wahenga walituonya, usiache mbachao kwa msala upitao. Wanawake wa Abeokuta hawakukataa kila kipya. Bafta ilikuwa mpya, bati lilikuwa jipya, nta ilikuwa mpya, nao wakavitumia vyote. Walichotaka ni kwamba mwenye kuamua habari za chungu awe yule aliyekionja kwa ulimi wake. Dai hilo lilikuwa la haki mwaka 1936, na kila mwenye kazi ya mikono anayo haki ya kudai vivyo hivyo leo.